Kaseti Nyekundu ya Konyokonyo

Mji wa Saffron una malango manne, na kila lango lina mlinzi mwenye kiu. Ukitokea kaskazini anakurudisha. Ukizunguka upande wa mashariki anakurudisha. Magharibi na kusini hali ni hiyo hiyo: yuko kazini, koo limemkauka, njia imefungwa. Mwaka 2003, nikiwa na miaka 14, walinzi hao walinizuia kwa wiki mbili. Nilikuwa naketi chini ya mathenge nje ya nyumba yetu katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, mashine ya kijivu mkononi, nikilirudia lango lile lile kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mama alikuwa akipepeta mtama wa mgao. Akaniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia kuna askari amekataa nisipite, na kila nikimsemesha anataja kiu tu.

"Sasa si umpe cha kunywa?" Mama akasema, wala hakuinua macho kwenye ungo.

Nikapanda hadi juu ya paa la duka kubwa la mji wa Celadon, ambako kuna mashine za kuuzia vinywaji, nikanunua maji kwa pesa 200. Mlinzi mmoja akanywa, akawagawia wenzake, na malango yote manne yakafunguka kwa mkupuo. Mama hajawahi kushika mchezo wa kompyuta maishani mwake. Ila mwaka 1992, Kapoeta ilipotekwa, alitoka kwa miguu hadi Narus, kisha Lokichoggio, mimi nikiwa mgongoni, na askari wa njiani anayelalamikia koo lake hakuhitaji kufafanuliwa. Hadi leo dereva wa gari la mizigo anayeingia Juba kutoka Nimule atakuhesabia vizuizi alivyopita, na pesa alizoacha kila kimoja anaziita kwa Kiarabu cha hapa hag shai. Kwa Kiswahili tunasema ya chai. Lugha mbili, kikombe kimoja.

Siku hiyo nilianza kuuamini mchezo ule.

Jina lake ni Pokémon Red. Mtoto anaondoka kwa mama yake katika kijiji chenye nyumba chache, anapewa kiumbe mmoja na profesa mzee, kisha anaizunguka nchi ya Kanto kwa miguu, akikamata viumbe porini, akiwafunza kupigana, akitafuta beji nane na kujaza daftari lenye nafasi za viumbe 150. Kwa maelezo hayo unaweza kudhani ni mambo ya watoto, na kweli ni ya watoto. Lakini mimi ni fundi wa simu katika soko la Konyokonyo, kazi ninayoifanya tangu 2007, na kaseti ile nyekundu ndiyo iliyonifundisha nusu ya ninayoyajua kuhusu mashine. Historia ya Juba tumeandikiwa kwa mikataba na vita. Vitu vidogo vilivyokaa mifukoni mwetu miaka hiyo yote havijaandikwa na mtu, nami nataka kuandika kimoja kabla hakijafa.

Aliyeubuni mchezo ni Satoshi Tajiri, Mjapani aliyezaliwa 1965 na kukulia Machida, pembeni mwa Tokyo. Utotoni alikuwa mkamataji wa wadudu. Alijua jiwe gani lina nini chini yake, na wenzake wakampa jina la daktari wa wadudu. Kisha mji ukapanuka. Madimbwi yakafukiwa, miti ikakatwa, yakaja majumba ya ghorofa na vyumba vya michezo ya mashine, naye akahamia huko kama wenzake wote. Mwaka 1983 alianzisha jarida dogo la michezo liitwalo Game Freak. Ken Sugimori, kijana mwenye mkono wa kuchora, akajiunga naye, na mwaka 1989 jarida likawa kampuni. Mwaka huo huo Nintendo ilitoa Game Boy. Ndio mwaka niliozaliwa pia, na sijaacha kulifurahia jambo hilo.

Game Boy ilikuwa na tundu dogo ubavuni la kuunganishia waya na mashine ya mwenzako. Wengi waliuona waya huo kama njia ya kushindana. Tajiri aliutazama akaona wadudu wakitambaa ndani yake, wakitoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine. Kazi ilianza 1990, ikachukua miaka sita na karibu iifilisi kampuni. Tarehe 27 Februari 1996 mchezo ulitoka Japani kwa kaseti mbili, nyekundu na kijani. Marekani iliupata Septemba 1998, ikiwa na nyekundu na buluu.

Fundi yeyote angeipenda Game Boy. Gunpei Yokoi, aliyeongoza walioiunda, aliamini katika vifaa vilivyozeeka: vitu vya bei nafuu, vilivyokwisha kuzoeleka, vitumiwe kwa njia mpya. Ndiyo maana kioo chake kina nukta 160 kwa 144 tu, rangi nne za kijivu kinachoelekea kijani, na hakina taa. Washindani wake walikuja na rangi. Game Gear ya Sega ilikula mawe sita ya betri na kuyamaliza kwa saa chache. Game Boy ilikula manne na kwenda saa 15 au zaidi. Mahali ambapo mawe hununuliwa mojamoja dukani, tofauti hiyo ndiyo mchezo wenyewe.

Iliingia Kakuma kwa njia hii. Mwaka 2000 na 2001 majina yalibandikwa kwenye mbao za matangazo kambini, ya vijana waliokuwa wamefika peke yao kutoka Sudan bila wazazi, na Marekani ikawachukua zaidi ya 3,500. Binamu yangu aliondoka miezi michache kabla ya Septemba 11 kusimamisha safari. Miaka miwili baadaye mtu aliyekuwa akirudi kutembelea ndugu alituletea kifurushi: sabuni, viatu, picha ya binamu akiwa kwenye theluji, na Game Boy nene ya kijivu aliyoinunua kwenye duka la mitumba, kaseti nyekundu ikiwa tayari mgongoni.

Nilipoiwasha, ilinipa chaguo la kuendelea. Nikabonyeza, na kijisanduku kikafunguka chenye jina la herufi tano, beji sita, viumbe 81, na saa nyingi za kucheza. Alikuwa mtoto wa Kimarekani. Sikumjua wala sitamjua. Alisimama mbele ya nyumba moja kwenye mji wenye bahari, amegeuza uso chini, kama aliyeitwa kula akaiacha mashine palepale.

Kaseti ile ina nafasi ya kusevu mtu mmoja tu. Kwa mwezi mzima nilimtembeza mtoto yule nikiogopa kumwharibia. Niliwajua viumbe wake kwa majina aliyowapa, moja ni la mbwa, naamini alikuwa mbwa wake kweli. Lakini safari haikuwa yangu, nilikuwa nimeikuta katikati. Siku moja nikaanza upya, na nilipotaka kusevu mashine ikaniuliza: faili ya zamani itafutwa, ni sawa? Nilikaa na swali lile hadi jua likageuka. Nikabonyeza ndiyo. Nimebonyeza ndiyo mara nyingi tangu siku hiyo, kwenye simu za watu walioniruhusu, na bado mkono unasita.

Niseme kidogo juu ya mawe. Mama hakuwa na pesa za mawe ya mchezo. Nilichukua ya redio yaliyokwisha nguvu, yale mekundu ya Eveready yenye paka, nikayaanika juu ya bati tangu asubuhi hadi adhuhuri. Jua la Turkana huyarudishia uhai wa dakika ishirini, wakati mwingine nusu saa. Taa nyekundu pembeni mwa kioo ikianza kufifia, unajua una dakika chache za kusevu. Hivyo nilicheza mchezo mzima vipande vipande, mchana tu kwa kuwa kioo hakina taa, na kabla ya kuingia pango lolote nilikuwa nasevu mlangoni. Watoto wa mtaa walijipanga nyuma yangu. Mmoja alikuwa na kazi ya kugeuza mawe juu ya bati kama anayechoma mahindi.

Kiingereza cha mchezo kilikuwa kigumu kwetu mwanzoni, lakini kilituingia kwa mchezo huo huo. Kiswahili tulikuwa tunajifunza shuleni kwa mtaala wa Kenya. Kwa hiyo nilisoma kioo kwa Kiingereza, nikawatafsiria walio nyuma kwa Kiswahili, nao wakabishana kwa Kiarabu cha Juba, Kidinka, Kididinga na Kisomali kuhusu nani apigane.

Mkuu wa beji ya tatu ni mwanajeshi, Luteni Surge. Anasema viumbe wake wa umeme ndio waliomwokoa vitani. Mchezo hausemi vita gani, wala hautaji tena. Mmoja wa wavulana nyuma yangu akauliza, "Alipigana upande wa nani?" Tukasubiri tuone kama kuna atakayejibu. Hakuna. Nimesoma baadaye kuwa wachezaji wa nchi nyingine wamejenga nadharia ndefu juu ya sentensi ile moja. Sisi haikutushangaza. Watu wazima wote tuliowafahamu walikuwa na vita wanayoitaja mara moja tu, kisha wanaendelea na mambo mengine.

Mji wa Lavender ndio ulionyamazisha kila mtu. Kuna mnara wa makaburi ya viumbe, na muziki wake ni mwembamba, wa juu, unaokwaruza. Kuna kiumbe mdogo aitwaye Cubone ambaye huvaa fuvu la mama yake kichwani. Mama wa Cubone mmoja ameuawa na wahuni wanaoiba viumbe ili wawauze, na mzimu wake unaziba ngazi ya mnara. Huwezi kumkamata, na usipomtambua kwanza huwezi hata kupigana naye. Inabidi upate chombo cha kukuonyesha ni nani, na akishatambuliwa na kushindwa, anatulia, anaondoka. Wasichana wawili kati ya waliosimama nyuma yangu waliletwa kambini na shangazi. Nilipotafsiri habari ya fuvu mmoja wao akaniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akaondoka, na kesho yake akarudi na jiwe moja zima, jipya, sijui alilipata wapi, akanipa nimalize mnara.

Nilimaliza mchezo Agosti 2004. Mabingwa wanne, kisha hasimu wangu, kisha majina yanapanda kwenye kioo. Lakini daftari lilikuwa na viumbe 124, na hapo ndipo lilipokwama. Nilidhani nimekosea mahali. Nilirudia kila pori.

Sasa najua hesabu yake. Viumbe 11 wapo kwenye kaseti ya buluu tu, wengine 11 kwenye nyekundu tu. Wanne hawageuki kuwa wakubwa mpaka wapitishwe kwenye waya: Kadabra, Machoke, Graveler na Haunter. Mwanzoni unachagua mmoja kati ya watatu, wawili waliobaki na vizazi vyao unawakosa. Unachagua kisukuku kimoja kati ya viwili, mpiganaji mmoja kati ya wawili, na Eevee mmoja ana njia tatu lakini atafuata moja. Toa wote hao kwenye 150, unabaki na 124. Peke yako, hata ukae miaka kumi, ni 124. Tajiri alikusudia. Aliutengeneza mchezo wenye shimo la viumbe 26 ndani yake, na shimo hilo linajazwa na mtu mwingine mwenye mashine yake, aliyeketi karibu kiasi cha urefu wa waya. (Wa 151 ni hadithi nyingine. Mtengenezaji aitwaye Shigeki Morimoto alimwingiza Mew dakika za mwisho, kwenye nafasi ya baiti 300 iliyobaki baada ya zana za majaribio kuondolewa. Nafasi ndogo kuliko ujumbe mrefu wa simu.)

Kambi yote ya Kakuma, kwa kadiri nilivyotafuta, haikuwa na Game Boy ya pili.

Mkataba wa amani wa Sudan ulitiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, na kuanzia hapo watu wakaanza kurudi. Mimi nilifika Juba 2007 na begi moja. Mashine na kaseti vilikuwa ndani ya kopo la mafuta ya kula, lile la msaada lenye maandishi ya USA, nimeliziba kwa nailoni ili vumbi lisiingie.

Mji ulikuwa hauna umeme wa kutajika. Kulikuwa na jenereta, na palipo na jenereta palikuwa na biashara. Simu ndizo zilizoijaza Juba miaka hiyo, tena mbili mbili: laini ya Gemtel ilitumia namba ya Uganda, 256, na laini nyingine zilitumia 249 ya Khartoum, kwa hiyo mtu mmoja alitembea na nchi mbili mfukoni wakati yake mwenyewe haijapata namba. Ya kwetu, 211, ilikuja 2011. Nilianza na ubao wenye soketi kumi na mbili, waya kutoka kwenye jenereta ya muuza soda jirani, na karatasi ndogo za namba za kubandika kwenye simu za wateja. Unaacha simu, unapewa namba, unarudi baada ya saa mbili.

Ila wengi hawakwenda popote. Simu ni mali, na mwenye mali hukaa nayo. Waliketi kwenye benchi langu, Mganda anayeuza ndizi, Mkenya wa vipuri vya pikipiki, mwanajeshi aliyevua buti, mama wa chai aliyeacha majiko kwa binti yake. Benchi hilo ndilo chanzo cha michezo ya simu kwa upande wetu wa soko. Watu wa PlayStation walikuwepo, wenye televisheni na vijana wanaolipia mechi, lakini hiyo ilikuwa starehe ya kwenda makusudi. Ya kwangu ilizaliwa na kungoja. Kulikuwa na programu iitwayo MeBoy iliyoigiza Game Boy ndani ya simu za Java, na mimi nilikuwa nakopi nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu, basi nikaanza kukopi na mchezo. Ulikwenda polepole, sauti ikikatika. Mwanajeshi mmoja alicheza Red kwenye Nokia yake kwa miezi minne, kila Jumamosi, akija kuchaji. Alimpenda Snorlax, yule mnene anayelala katikati ya barabara hadi apigiwe filimbi. Alisema anamjua kamanda wa namna hiyo, akacheka hadi machozi.

Binamu alirudi Julai 2011 kuona bendera ya Sudan Kusini ikipanda. Tulikuwa hatujaonana miaka kumi. Tulipomaliza kulia na kula, akafungua begi akatoa Game Boy Pocket, ndogo na nyembamba, kaseti ya buluu, na waya. Alikuwa amekumbuka. Niliwahi kumlalamikia kwenye barua, miaka saba nyuma, juu ya zile 124.

Waya haukuingia. Game Boy nene ina tundu pana, Pocket ina tundu dogo, na kiunganishi cha katikati hakikuuzwa popote kati ya Nairobi na Khartoum kwa usiku ule. Binamu alikuwa na siku sita.

Nikaukata waya. Ndani mna nyuzi chache za rangi. Nikaichukua meta, nikapima kila uzi unakwenda kwenye pini gani upande wa Pocket, kisha nikaifungua mashine yangu, nikazifikia pini za tundu lake kwa nyuma, ambako zimeshikwa na risasi kwenye ubao. Ardhi kwa ardhi, mapigo ya saa kwa mapigo ya saa. Lakini uzi unaotoa data kwa huyu hauungwi na unaotoa data kwa yule, kwa maana mashine zote mbili zingesema na hakuna ambayo ingesikia. Unavuka: mdomo wa huyu kwenye sikio la yule. Mara ya kwanza nililehemu bila kuvuka, na vioo vyote viwili vikakaa vimesubiri, vimesubiri. Mara ya pili, saa tano usiku, binamu akishika tochi kwa meno, mhudumu wa kituo ndani ya mchezo akatukaribisha chumbani, na nikamwona mtu mdogo upande wa pili wa meza. Alikuwa yeye.

Nilimpa Kadabra wangu. Akasafiri kwenye waya uliofungwa kwa utepe mweusi, na alipofika upande wa pili akageuka Alakazam palepale. Binamu akamrudisha. Tukafanya hivyo na Haunter, na Machoke, na Graveler. Akanipa Vulpix, Sandshrew, Meowth. Nje watu walikuwa bado wanapiga ngoma na honi, na barabara ya uwanja wa ndege ilikuwa haijalala siku ya tatu. Kwa siku sita nilifikisha viumbe 143. Wengine saba hakuwa nao, alisema atawaleta safari ijayo.

Safari ijayo ilipangwa Krismasi ya 2013. Tarehe 15 Desemba mapigano yakaanza hapa hapa Juba, na hakuna aliyekuja.

Kuna juma moja ambalo nimelikumbuka mara nyingi kuliko mengine. Jumatano tarehe 6 Julai 2016, mchezo uitwao Pokémon GO ulitolewa Marekani, Australia na New Zealand. Viumbe wale wale wa Tajiri, sasa ndani ya simu, wakionekana barabarani kupitia kamera, nawe unatembea kuwatafuta. Alhamisi tarehe 7 jioni, milio ya risasi ilianza kwenye kizuizi cha Gudele, ninakoishi. Ijumaa ikafika ikulu. Jumapili na Jumatatu ilikuwa Jebel na uwanja wa ndege, helikopta juu, na familia nzima tulikuwa sakafuni, magodoro yameegemezwa dirishani. Simu yangu ilikuwa na chaji ya asilimia kumi na moja. Nilikuwa naiwasha mara mbili kwa siku. Nilipoiwasha Jumapili ziliingia jumbe mbili za binamu. Ya kwanza aliituma Ijumaa kabla hajasikia habari: picha ya bustani ya mji wake, mamia ya watu wakitembea na simu mikononi, na maneno kwamba angetamani ningekuwepo nione. Ya pili iliuliza tu, uko wapi.

Nilijibu ya pili kwanza. Usiku, risasi zilipotulia, nikairudia ile picha. Mama, ambaye sasa ni mzee, akataka kuona ni nini. Nikamwonyesha watu wote wale wakitembea kwenye nyasi bila kutazama nyuma. Akaishika simu muda mrefu hadi nikamwomba anirudishie, kwa ajili ya chaji. Mapigano yalisimama jioni ya tarehe 11. Kibanda changu nilikikuta wazi, soketi zimekwenda, simu za wateja zimekwenda. Kopo la mafuta lilikuwa nyumbani.

Yupo mmoja wetu aliyetengeneza mchezo wake mwenyewe, Lual Mayen. Alikuwa mkimbizi kama sisi, lakini wa upande wa Uganda. Alizaliwa wazazi wake wakiwa katika safari ya kukimbia, akakulia kambini kaskazini mwa Uganda, akaona kompyuta mara ya kwanza 2007, mwaka ule ule niliofungua ubao wangu wa soketi. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu hadi akapata dola 300 za kumnunulia moja. Lual alitembea saa tatu kwenda mahali pa kuichaji. Mchezo alioutengeneza, Salaam, una mtu anayekimbia vita akitafuta maji na chakula, na mwaka 2018 alitambuliwa kwa kazi hiyo kwenye The Game Awards huko Los Angeles. Kampuni yake inaitwa Junub Games, Michezo ya Kusini. Ninapomfikiria huwa naanza na mama yule na akiba yake ya miaka mitatu, na saa tatu za njia ya kwenda kwenye soketi. Najua uzito wa betri iliyojaa ukiibeba kurudi nyumbani.

Novemba 2019 mtambo wa umeme wa megawati 33 ulizinduliwa Juba, na nguzo zikaanza kusambaa. Biashara ya kuchaji ikapungua, mimi nikabaki na kutengeneza. Mwaka uliofuata dada yangu alirudi kutoka Nairobi na mwanawe wa miaka kumi, naye katika kupekua kwake akalifikia kopo.

Nilimwekea mawe mapya, ya dukani, hayajaanikwa. Mashine ikawaka. Kioo kikaonyesha chaguo mbili tu: mchezo mpya, na mipangilio. Neno la kuendelea halikuwepo.

"Mjomba, imeharibika?"

Haikuharibika. Ndani ya kaseti kuna betri ya sarafu ya volti 3. Mashine ikizimwa, betri hiyo ndiyo inayoilisha chipu ya kumbukumbu matone ya umeme, usiku na mchana, miaka kumi na tano, ishirini, hadi iishe. Ikiisha hakuna kishindo. Viumbe 143 walikuwa wameondoka siku moja nisiyoijua, kati ya 2011 na siku ile, ndani ya kopo, gizani. Alakazam naye. Watu huniletea simu zilizoanguka kwenye Nile, na mara nyingi hawaniombi simu, wananiomba picha za mtu fulani zilizomo ndani. Huwaambia ukweli mapema. Siku ile nilijiambia mwenyewe.

Skrubu ya kaseti ina kichwa cha ajabu ambacho bisibisi zangu zote haziingii. Nikachukua kitako cha kalamu ya plastiki, nikakipasha moto hadi kikalainika, nikakibonyeza juu ya skrubu, nikangoja kipoe. Plastiki ikawa imechukua umbo lake. Nikazungusha taratibu, ikafunguka. Mpwa wangu alikuwa ameweka kidevu mezani, pumzi yake inagusa ubao. Nikamwonyesha chipu ya kumbukumbu, nikamwonyesha betri. Betri ya namna hii hailehemiwi moja kwa moja, joto huiua, lazima ununue yenye masikio ya bati. Nilikuwa nayo. Nikaitoa ya zamani, nikasafisha risasi, nikashika mpya kwa kibano, chanya kwa chanya, nikalehemu sikio la kwanza, nikapuliza, nikalehemu la pili. Meta ikasoma volti 3.1.

Kabla sijafunga nikachukua kalamu ya wino mzito. Upande wa ndani wa ganda jekundu nikaandika mwezi na mwaka, na neno Juba, kwa ajili ya fundi atakayeifungua baada yangu. Kisha nikakaza skrubu kwa ile ile kalamu iliyoyeyuka, nikaiweka kaseti mgongoni mwa mashine, nikampa mtoto. Profesa mzee akatokea, akamuuliza jina lake. Nafasi ni herufi saba. Lake lina nane, akakaa akifikiria aache ipi.